Kushawishi, kusahihisha, kufasiri: mwongozo wa somo la Kiingereza kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na wa mtahiniwa wa kujitegemea anayejisomea usiku baada ya kazi. Unahusu insha ya kushawishi, sarufi na ufafanuzi wa fasihi, mambo ambayo wengi huyasoma kama masomo matatu yasiyojuana. Ninashikilia kuwa ni kazi moja. Katika yote matatu kuna mtu anayesema, mtu anayesikiliza, na jambo ambalo msemaji analitaka kutoka kwa msikilizaji. Ukilishika hilo, insha yako itapata mwelekeo, utaona kwa nini sarufi inahitajika, na tamthilia utaisoma kwa jicho jingine.

KWA NINI KUKARIRI HAKUTOSHI

Nchini Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto anajifunza lugha, na papo hapo anatakiwa kuitumia kujifunzia biolojia na jiografia. Hapo ndipo mazoea ya kukariri yanapoota. Usiyaite uvivu, ni njia ya kujiokoa, na kwenye baadhi ya masomo inamfikisha mtu mbali.

Kwenye insha na fasihi njia hiyo inakwama kwa sababu swali hubadilika. Aliyekariri dhamira kumi za riwaya ataziandika zote kumi hata kama ameulizwa juu ya mhusika mmoja. Aliyekariri insha ya faida za elimu ataibandika popote, hata alipoombwa amwandikie mkuu wa wilaya barua kuhusu daraja lililobomoka. Msahihishaji anayaona mara moja, na hana namna ya kukupa alama za kitu ambacho hukuulizwa.

Hoja unazo tayari. Umewahi kumwomba baba ruhusa ya safari, na unajua kwamba maneno ya kumwombea baba siyo ya kumwombea dada. Umewasikia wazee wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Umebishana kuhusu Simba na Yanga mpaka chakula kikapoa. Huo wote ni ushawishi, na unaufanya vizuri kwa Kiswahili. Kazi iliyobaki ni kuuvusha.

Kanuni ya kuvukia ni hii: panga kwa Kiswahili, andika kwa Kiingereza. Kwenye karatasi ya kando andika hoja zako kwa maneno mawili matatu ya Kiswahili, kisha jenga sentensi moja kwa moja kwa Kiingereza, fupi fupi. Usiandike insha nzima ya Kiswahili ukaanza kuitafsiri sentensi kwa sentensi. Utachoka, na mifupa ya Kiswahili itaonekana chini ya kila mstari. Programu za kutafsiri za kwenye simu hazikusaidii hapa. Ndani ya chumba cha mtihani hutakuwa na simu.

JIFUNZE KUSHAWISHI KUTOKA JUKWAANI

Kabla ya kuandika, tazama jinsi mabingwa wanavyofanya. Ninapendekeza tamthilia mbili, na uzisome kama mtu anayetaka kujua mbinu.

Ya kwanza ni Julius Caesar ya William Shakespeare. Kiingereza chake ni kigumu, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawaitumii: Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963, na toleo alilolirekebisha likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Soma kwanza kwa Kiswahili ujue nani anamtaka nani nini, ndipo ufungue Kiingereza. Maandishi ya Shakespeare hayana tena hakimiliki, kwa hiyo unaweza kuyapakua bure kwenye Project Gutenberg.

Nenda tendo la 3, onyesho la 2. Kaisari ameuawa, watu wa Roma wamekusanyika sokoni na wanataka maelezo. Brutus, mmoja wa wauaji, anatangulia kusema. Ni mtu anayeheshimika, naye anaijua heshima yake. Anasema kwa nathari iliyopangwa vizuri, kwamba alimpenda Kaisari lakini aliipenda Roma zaidi, na kwamba Kaisari alikuwa na tamaa ya ukubwa. Umati unamkubali. Kisha Brutus anafanya kosa kubwa: anamwachia Antony, rafiki wa Kaisari aliyeingia na maiti, jukwaa na kuondoka zake.

Sasa tazama kazi ya Antony. Ameruhusiwa kusema kwa sharti asiwalaumu wauaji. Fuatilia hatua zake:

1. Haanzi kwa kubishana. Anasema amekuja kuzika tu, na umati uliokwisha kuridhika na Brutus unakubali kumsikiliza.
2. Anarudia tuhuma ya Brutus, kisha anaweka mbele yake mambo ambayo wasikilizaji wenyewe waliyaona: Kaisari alileta mateka ambao fedha za kukombolewa kwao ziliingia hazina ya umma, maskini walipolia naye alilia, alipewa taji mara 3 akalikataa mara 3. Hatangazi kwamba tuhuma ni ya uongo. Anawaachia wenyewe waone.
3. Anawasifu wauaji kuwa watu wa heshima, tena na tena, na kila anaporudia sifa hiyo inapungua uzito, hadi mwisho inasikika kama tusi. Kinaya ndicho hicho, na hapa unakiona kikifanya kazi.
4. Anaonyesha wosia wa Kaisari lakini anakataa kuusoma, mpaka wao wenyewe wamlazimishe.
5. Anashuka jukwaani, anawaita waizunguke maiti, anawaonyesha joho lenye matundu ya majambia. Baadaye ndipo anasoma wosia: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Kaisari ziwe mali ya umma.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hupitwa nalo kwenye hatua ya tano. Antony anaonyesha tundu hili ni la Cassius, lile la Casca, lile la Brutus. Lakini hakuwepo wakati Kaisari anachomwa. Mwenzao Trebonius alikuwa amemtoa nje. Hawezi kujua tundu gani ni la nani. Anabuni, na umati hauulizi. Ukiliandika hilo kwenye jibu lako, msahihishaji atajua kwamba umesoma kitabu chenyewe.

Na usiliache onyesho linalofuata. Umati uliopandishwa hasira unakutana na Cinna mshairi, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi tu, na bado wanamuua. Shakespeare anatuonyesha ushawishi ukivuka mpaka. Ninakusihi ulichukulie kwa uzito, kwa sababu unajifunza kitu chenye nguvu.

Tamthilia ya pili ni The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, iliyosomwa sana katika shule za Afrika Mashariki. Lakunle, mwalimu wa shule, anamtaka Sidi, msichana mrembo wa kijiji cha Ilujinle, lakini hataki kutoa mahari. Anamwagia maneno makubwa ya maendeleo na ustaarabu. Sidi hashawishiki hata kidogo. Baroka, mtawala mzee wa kijiji, hazungumzi juu ya maendeleo yake mwenyewe. Anamwonyesha Sidi mashine ya kutengenezea stempu na kumwahidi kwamba sura yake itachapwa juu ya stempu hizo. Sidi alikwishaziona picha zake kwenye jarida na akalewa nazo. Baroka amegusa palepale.

Lakunle yumo katika insha nyingi za wanafunzi. Ni yule anayetafuta kamusini neno refu kuliko yote akidhani ndilo litakalomvutia msahihishaji. Sidi angeweza kumweleza matokeo yake.

KUANDIKA INSHA YA KUSHAWISHI: HATUA KWA HATUA

1. Soma swali mara mbili na upige mstari chini ya vitu vitatu: unamwandikia nani, kwa umbo gani (barua, hotuba, insha), na unamtaka afanye nini au aamini nini.

2. Andika dai lako kwa sentensi moja. Likikataa kuingia kwenye sentensi moja, bado hujajua unachotaka. Dai liwe jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga. Kusema kwamba maji ni muhimu si dai, kwa kuwa hakuna anayekataa. Kusema kwamba shule inunue tangi la maji kabla ya kupaka rangi madarasa ni dai.

3. Jiulize msikilizaji anaogopa nini. Mkuu wa shule anaogopa gharama, usumbufu na lawama za wazazi. Hoja isiyogusa mojawapo ya hofu zake ni hoja yako wewe, na yeye haimhusu.

4. Chagua hoja mbili au tatu. Tano ni nyingi. Utazitaja zote bila kueleza hata moja.

5. Kwa kila hoja tafuta kitu cha kuonekana: tukio, saa, bei, mahali. Antony alileta joho.

6. Taja hoja ya upande wa pili kwa haki, kisha uijibu. Wanafunzi huiruka hatua hii wakiogopa kumpa mpinzani nguvu. Kinyume chake ndicho kweli: msomaji ameshaiwaza hoja hiyo, na usipoitaja anaendelea kuishikilia.

7. Malizia kwa ombi lililo wazi: afanye nini, lini, na aanzie wapi.

Tazama mfano. Mwanafunzi anataka maktaba ifunguliwe Jumamosi. Aliandika hivi:

"Me I think library is very important. Every student he needs books because education is the key of life. So you must open it on Saturday."

Makosa ya sarufi tutayarudia. Angalia kwanza ushawishi: hakuna kitu hata kimoja ambacho mkuu wa shule hakukijua, na sentensi ya mwisho inamwamrisha mtu mzima. Sasa linganisha:

"The library closes at four o'clock, and our lessons end at half past three. This gives us thirty minutes to share one shelf of set books. If the library opened on Saturday mornings, day students could read the books they are not allowed to take home. Two prefects have agreed to keep the register, so no teacher would have to give up a weekend."

Hakuna neno gumu hapo. Sentensi ya kwanza inaleta saa, na mkuu wa shule anaweza kuzihakiki akiwa amekaa kitini. Ya pili inafanya hesabu kwa niaba yake. Ya tatu inasema nani atafaidika. Ya nne inajibu hofu ambayo hajaitamka, ya nani atakayefanya kazi hiyo siku ya mapumziko. Ombi limekuja kwa "if" na "could", na huo ndio unyenyekevu wa Kiingereza. Mahali ambapo sisi tungesema "tunaomba" au "ingekuwa vema", wao hutumia maneno kama hayo.

ANGALIZO: TAKWIMU ZA KUBUNI
Usiandike kwamba utafiti umeonyesha asilimia 80 ya wanafunzi wanafanya hivi au vile, kama hujauona utafiti huo. Hii imekuwa desturi mbaya mashuleni, na wapo wanaofundishwa kwamba tarakimu yoyote inapendeza. Msahihishaji hadanganyiki. Jambo dogo uliloliona kwa macho yako lina nguvu kuliko asilimia ya kubuni, na ni la kweli.

SARUFI: WINDA MAKOSA YANAYOTOKANA NA KISWAHILI

Sarufi ina kazi moja kwenye insha, kumfanya msomaji akuamini. Kila kosa linamtoa kwenye hoja yako na kumleta kwenye maneno yako. Si lazima urudie kitabu kizima cha sarufi. Makosa mengi ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili yanatoka mahali palepale, ambapo lugha hizi mbili zinaachana njia. Ukiyajua, utayakamata.

1. Kiima mara mbili. Kwetu kitenzi hubeba kiambishi cha mtendaji hata kama mtendaji ametajwa: kaka yangu alikuja. Ndiyo maana tunaandika "My brother he came". Kiingereza kinataka mmoja tu: "My brother came". Vivyo hivyo "Me I think" iwe "I think".

2. He na she. Kiambishi cha a- hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo katikati ya insha mama anageuka "he". Hutalisikia kosa hili masikioni. Inabidi ulitafute kwa macho. Zungushia duara kila kiwakilishi na ufuate mshale hadi kwa mwenye jina.

3. A, an na the. Kiswahili hakina kitu kama hiki, hivyo tunaviacha au tunavinyunyiza ovyo. Anzia hapa: kitu kinachohesabika, kikiwa kimoja na kikitajwa mara ya kwanza, kinachukua "a" au "an", kikirudiwa, kinachukua "the", vitu vingi kwa ujumla wake havichukui chochote. "I saw a dog. The dog was thin. Dogs need food." Kanuni hii haimalizi yote, ila itakuvusha sehemu kubwa ya insha.

4. Wakati uliopita mara mbili. "He did not went" ni kosa kwa sababu "did" imeshabeba wakati uliopita. Andika "did not go". Alama moja ya wakati uliopita inatosha.

5. Herufi s ya nafsi ya tatu. "She go" iwe "she goes". Unaijua kanuni hii tangu kidato cha kwanza, na bado inaponyoka kiima kinapokuwa mbali na kitenzi: "The price of the books is high", si "are". Bei ndiyo iliyo juu.

6. Ingawa na lakini. Kwa Kiswahili tunasema ingawa alichelewa, lakini aliruhusiwa. Kiingereza kinachukua kimoja. Ukitumia "although", usiweke "but".

7. Baada ya if na when. Jambo lijalo likiwa nyuma ya maneno haya linaandikwa kwa wakati uliopo: "If it rains tomorrow, we will stay", si "if it will rain".

8. Vihusishi vya ziada. Kujadili kuhusu jambo kunatupa "discuss about", ambayo ni kosa. "Discuss" na "emphasize" zinakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe: "discuss the problem", "emphasize the need".

9. Majina yasiyohesabika. "Information", "advice", "furniture" na "equipment" hayapokei s ya wingi.

10. Jozi za kitenzi kimoja. Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili; kwao anayepokea ni "borrow" na anayetoa ni "lend". Na njaa hawaisikii: "I feel hungry".

NAMNA YA KUSAHIHISHA

Usisome insha yako mara moja ukitafuta makosa yote. Jicho likitafuta kila kitu halioni chochote. Pita mara nyingi, kila mara ukiwinda kosa la aina moja: mara ya kwanza he na she peke yake, mara ya pili s za nafsi ya tatu, mara ya tatu wakati. Kwenye mtihani hutakuwa na nafasi ya kupita mara kumi, kwa hiyo lazima ujue makosa yako matatu makubwa kabla hujaingia.

Utayajua kwa kuweka daftari la makosa. Gawa ukurasa safu tatu: nilivyoandika, inavyotakiwa, sababu. Kila kazi inaporudi kutoka kwa mwalimu, hamisha makosa humo. Baada ya wiki chache utashangaa kuona jinsi makosa yanavyojirudia, na hilo ni jambo la faraja: adui ni wachache. Safu ya sababu usiiache tupu. Anayenakili jibu sahihi bila kuandika sababu atalikosea tena.

FASIHI: KUFASIRI SI KUSIMULIA

Kosa linalokula alama nyingi kuliko yote kwenye maswali ya fasihi ni kusimulia hadithi. Swali linauliza kwa nini, mwanafunzi anajibu kilichotokea. Msahihishaji amekisoma kitabu, pengine mara nyingi kuliko wewe. Anachotaka kujua ni wewe umeona nini ndani yake.

Soma kwa hatua hizi:

1. Mara ya kwanza soma bila kalamu, kwa ajili ya hadithi tu. Maneno magumu yapite, isipokuwa yakikuzuia kabisa.

2. Mara ya pili soma kwa maswali matatu katika kila onyesho au sura: nani anasema, anasema na nani, anamtaka nini? Unayakumbuka. Ni yaleyale ya insha.

3. Weka alama mahali mambo yanapogeuka. Katika Julius Caesar ni pale Brutus anapoondoka jukwaani. Maswali mengi ya mtihani yanaweza kujibiwa kwa kuanzia kwenye mgeuko.

4. Tengeneza kadi za ushahidi. Kila kadi iwe na tukio moja, mahali lilipo (tendo na onyesho, au sura), na sentensi yako moja inayosema tukio hilo linaonyesha nini. Kadi 15 ulizoziandika mwenyewe zinashinda kitini cha kurasa 80 ulichokinunua. Kitini kinakupa majibu ya mtu mwingine kwa maswali ambayo hayajaulizwa.

Kisha aya ya jibu ipite njia hii: dai linalojibu swali, tukio kwa ufupi, maelezo ya jinsi tukio linavyothibitisha dai, mwandishi anatuonyesha nini. Sehemu ya tatu ndiyo iwe ndefu kuliko zote. Kwa kawaida wanafunzi huifanya fupi kuliko zote.

Tuseme umeulizwa kwa nini Baroka anafanikiwa kwa Sidi. Msimuliaji ataandika kwamba Baroka alimwonyesha mashine, Sidi akafurahi, wakaoana. Mfasiri ataandika:

"Baroka succeeds because he speaks about what Sidi loves, while Lakunle speaks about what Lakunle loves. He shows her a machine and promises that her face will appear on stamps. Sidi has already fallen in love with her own pictures in a magazine, so the promise reaches her pride directly. Through this contrast, Soyinka shows that learning is useless to a man who does not study the person in front of him."

Angalia vitenzi: "succeeds", "shows", "promises". Tukizungumzia yaliyomo ndani ya kitabu tunatumia wakati uliopo, maana kila tukikifungua mambo hayo yanatokea upya. Wanafunzi wengi huanza na wakati uliopo, wakahamia uliopita, wakarudi tena. Shikamana na wakati uliopo hadi mwisho.

Na je, unaweza kutokubaliana na aya hiyo? Ndiyo. Mtu anaweza kudai kwamba Baroka hakumshawishi Sidi bali alimhadaa, kwa sababu alianza kwa kueneza uongo kupitia Sadiku, mke wake mkubwa, kwamba nguvu zake za kiume zimekwisha. Jibu hilo lina ushahidi, na kwangu mimi lina nguvu sana. Fasihi inaruhusu majibu yanayopingana, mradi kila moja lisimame juu ya kitu kilichomo kitabuni. Isichokiruhusu ni jibu lisilosimama juu ya kitu.

ANGALIZO: MWANDISHI NA ANAYESEMA NI WATU WAWILI
Katika Song of Lawino, utenzi wa Okot p'Bitek uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, anayesema ni Lawino, mke anayemlalamikia mumewe Ocol kwa kuzidharau mila za Waacholi. Usiandike kwamba Okot anamlalamikia mume wake. Usidhani pia kwamba kila anachosema Lawino ndio msimamo wa Okot. Baadaye, mwaka 1970, alitoa Song of Ocol na kumpa mume nafasi ya kujibu. Kwenye shairi lolote, sema "the speaker" mpaka uwe na sababu ya kusema vingine.

Kuhusu mashairi, neno moja tu. Mwanafunzi akiulizwa juu ya shairi hukimbilia kuorodhesha tamathali: hapa kuna tashibiha, pale takriri. Orodha haina alama nyingi. Chukua takriri moja ueleze inamfanya nini msikilizaji, kama tulivyoona sifa ya Antony ikigeuka kuwa tusi.

KISANDUKU: KABLA YA KUKABIDHI KARATASI

Insha
☐ Dai langu linaonekana ndani ya aya ya kwanza
☐ Kila hoja ina kitu cha kuonekana
☐ Nimejibu hofu moja ya msomaji
☐ Hakuna takwimu ya kubuni
☐ Ombi la mwisho liko wazi na lina adabu

Sarufi
☐ Nimewinda makosa yangu matatu, moja baada ya jingine
☐ Hakuna "although" yenye "but"
☐ Majina ya watu na vitabu yana herufi kubwa. Jina la kitabu limepigiwa mstari

Fasihi
☐ Sentensi ya kwanza ya kila aya inajibu swali, haisimulii
☐ Maelezo ni marefu kuliko tukio
☐ Nimetumia wakati uliopo tangu mwanzo hadi mwisho

Kama huna mwalimu wa kukusahihishia, tafuta mwenzako mmoja mbadilishane madaftari kila wiki. Asisahihishe sarufi kwanza. Asome insha yako, aifunge, kisha akuambie kwa Kiswahili ulikuwa unamtaka msomaji afanye nini na kwa sababu gani. Akishindwa kusema, irudie aya ya kwanza kabla ya kugusa koma yoyote. Na karatasi ikirudi na alama ndogo, usiiandike upya yote. Chagua aya moja iliyoharibika zaidi, uiandike tena mpaka ikae sawa, na umpelekee mwalimu hiyo moja.